Mbabula ya Watu Sita

Jumamosi nilikuwa nyuma ya mama mmoja kwa fundi wa mabati, yule anayekata mapipa ya zamani na kuyageuza mbabula za kupikia kwa makaa. Fundi huyu haulizi unataka saizi gani. Anauliza mnakula wangapi.

"Tuko batu sita," mama akajibu.

"Na sufuria yenu iko namna gani?"

Mama akainua mikono kumwonyesha. Kati ya viganja vyake lingetosha papai moja, tena dogo.

Fundi akaitazama mikono ile, akaweka mkasi chini. "Mama, kinywa inasema sita. Mikono inasema mutu moya."

Mama hakuishusha. "Batoto balienda Kinshasa. Batarudia."

"Bon. Nitakufanyia ya kidogo, na byuma tatu ya kukunjua pembeni. Siku batarudia, utabikunjua, itabeba sufuria ya bote."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kivulini kungoja.

Mimi ni mtu wa ofisi. Tunabuni fomu, viti na vidirisha vya kuhudumia wananchi, na sijaona mkubwa wetu hata mmoja akishuka ngazi kutazama mikono ya mwananchi. Nikajiambia, habari za huyu fundi nitaziandika.

Ndipo akanigeukia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa chake. "Na weye, sitwayeni, kwenu muko bangapi?"

"Wanne," nikasema, na mikono yangu nikaitia haraka mifukoni mwa koti langu la abakosti.