Mwanamke wa Sokoni Hanywi Maji

Nilipoanza kuuza viazi Makambako, wanawake wa sokoni walinionya: asubuhi usinywe kitu. Choo kiko mbali, ukienda tu mteja kahamia meza ya jirani. Basi miaka yote nilitoka Njombe koo kavu, nikabana kutwa, nikajisaidia jioni nyumbani. Nikiungua wakati wa kukojoa, najiambia ni baridi, nimekalia jiwe, simwambii mtu.

Miguu ilipochoka nikamwachia meza mke wa mwanangu. Nikamfundisha vilevile, kwa utani wangu: "Mwanamke wa sokoni hanywi maji, mama. Ukiona kiu, meza mate, ni ya bure."

Mwaka huu, mimba ikiwa ya miezi mitano, akashikwa na homa na maumivu chini ya tumbo. Kila mara chooni, mkojo unatoka kijiko kimoja tu, anarudi analia. Mwanangu ana sauti ya ng'ombe aliyenyimwa chumvi. Akanguruma: "Mama, Makambako ni malori matupu! Huyu kaokota ugonjwa kwa madereva. Akipona homa namrudisha kwao Matembwe, akazalie huko!"

Mkwe wangu hakujitetea. Alianza kukunja kanga zake. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini nusu.

Nikampeleka hospitali. Nesi, kabinti kanakoongea puani, akapima mkojo, akasema: "Bibi, ni yutiai hii, maambukizi ya njia ya mkojo."

"Kaletewa na nani?"

"Haa, bibi! Hata mtawa anaugua. Vijidudu vinatoka njia ya haja kubwa, vinasogea mbele. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vinafika upesi. Ukijifuta toka nyuma kuja mbele, umevisindikiza. Usipokunywa maji, ukabana mkojo, vinakaa humo vinazaliana. Hata ukilala na mume wako wa ndoa, vinaweza kusukumwa ndani. Na mjamzito ndiyo kabisa, tumbo linabana mkojo usitoke wote. Ukiacha bila dawa ugonjwa unapanda kwenye figo, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku." Akamgeukia mkwe wangu. "Wewe unabana?"

"Kutwa."

"Nani kakufundisha ujinga huo?"

Mkwe wangu akatazama sakafu. "Ndivyo tunavyofanya sokoni."

Hakunitaja. Mume anamfukuza, mimba inamuuma, na bado ananisitiri. Pale kwenye benchi nikajiona mdogo kama kiazi cha mbegu.

Tulipofika nyumbani, dawa mkononi, nikamwita mwanangu jikoni.

"Ugonjwa wa mkeo umetoka kwangu."

"Kwako vipi, mama?"

Nikamweleza yote, ya nesi na yangu. Akachokoa moto usiohitaji kuchokolewa. Mwisho akauliza, "Na wewe ulikuwa unaungua?"

"Miaka."

"Baba alijua?"

"Hakujua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angesema malori."

Ng'ombe wangu akainamisha kichwa. Akanyanyuka, akaenda chumbani kwa mkewe, akafunga mlango taratibu. Nikasikia anaomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Mke hakujibu. Akarudia. Nikasogeza sufuria motoni, na moyoni nikamwambia yule binti: usimjibu upesi, mwanangu, mwache aombe.