Kadi Ndani ya Barafu

Twila Hostetter hakuwa mtu wa kukaa. Katika jiko la shule ya msingi pale Joplin, Missouri, alikopakua viazi vya kuponda kwa miaka kumi na tisa, wenzake walisema kiti chake kilistaafu kabla yake. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyeegesha gari pabaya. Gari lenyewe hakuwa nalo tangu giaboksi ilipokufa wakati wa baridi.

Alhamisi hiyo, walau, alikuwa na sababu. Binti yake Shelby alikuwa Amarillo, Texas, mwendo wa saa saba kwa gari, na kesho yake saa moja asubuhi angepasuliwa ili mtoto wake wa kwanza atolewe. Mume wa Shelby alikuwa baharini kwenye kisima cha mafuta, hana ruhusa. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu chumbani. Mtu huyo alikuwa Twila, na Twila alikuwa amesimama mbele ya sinki akipuliza kopo la mtindi kwa mashine ya kukaushia nywele.

Ndani ya kopo mlikuwa na barafu, na ndani ya barafu kadi ya mkopo.

Si yeye peke yake. Asiyejiamini dukani huigandisha kadi yake, ili hamu ya kununua iishe kabla barafu haijayeyuka. Twila aliipata yake mwaka uliopita, baada ya bili ya kutolewa mfuko wa nyongo kumharibia jina kwa wakopeshaji wote. Barua ilimpongeza. Wangemwamini kwa dola mia tatu, na ada ya mwaka, dola sabini na tano, ilikuwa imeshakatwa humo humo. Yaani alianza kudaiwa kabla hajafungua bahasha. Alizilipa hizo sabini na tano, akaigandisha kadi ikiwa na mia tatu zake zote, na barua zilizofuata akazitupa bila kuzifungua. Hakununua kitu, wangemdai nini?

Nje, Nadine Foltz, mpishi mwenzake, alipiga honi. Twila akatoka na bonge la barafu kwenye taulo.

"Hiyo ni nini tena?"

"Kadi."

"Shoga, wenzio hubeba kadi kwenye pochi."

"Endesha, Nadine. Na washa hita."

"Mwezi wa tano huu."

"Washa."

Nadine akawasha. Wakaenda hivyo hadi uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya magari ya kukodi, madirisha yamefungwa, jasho linawatoka, Twila akiligeuzageuza bonge mapajani kama mtoto asiyetaka kulala.

"Ningekupa gari langu," Nadine akasema, "lakini hili halivuki Tulsa bila maombi."

"Najua."

"Na mimi siombi vizuri."

Kijana wa kaunta alivaa tai fupi na kibandiko kilichosema anaitwa Trent. Kodi ya gari, alieleza, mtu anaweza kulipa atakavyo. Lakini dhamana ya dola mia mbili lazima ishikwe kwenye kadi ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki haikubaliki. Twila akamkabidhi kadi. Kona moja ilikuwa bado na kipande cha barafu.

Trent akaifuta kwa shati, akaiingiza kwenye mashine.

"Imekataa, mama."

"Jaribu tena. Bado ina baridi."

Akaisugua viganjani, akajaribu tena. "Imekataa na joto lake, mama."

Twila akawapigia wenye kadi, akitembea kati ya kaunta na mlango. Akapokewa na binti mchangamfu.

"Naona umebakiwa na nafasi ya kukopa dola tisa tu, mama."

"Sijanunua hata pipi."

"Ni kweli kabisa, hujanunua. Hizi ni ada za kila mwezi za kutunza akaunti, ada ya mwaka wa pili, na adhabu za kuchelewa kulipa ada."

"Kadi ilikuwa kwenye friza."

"Ada haziangalii kadi iko wapi, mama."

"Nikilipa sasa hivi?"

"Tutashukuru sana. Nafasi itafunguka baada ya siku saba za kazi. Na kulipa kwa simu kuna ada yake."

Nadine akampigapiga begani kama mtu anayetoa rambirambi. Twila akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena, akampigia binti yake.

"Sitapata gari, mwanangu. Kuna basi la saa moja jioni. Linafika saa tano."

"Saa tano asubuhi?"

"Asubuhi. Linakwenda kukaa Oklahoma City bila sababu."

"Si ulisema una kadi ya dharura?"

"Nilikuwa nayo. Imejila yenyewe."

"Mama."

"Kweli. Huko huko kwenye barafu."

Shelby akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Nitamwomba nesi anisogeze niwe wa mwisho. Sijui kama watakubali."

"Na wasipokubali?"

"Nitaingia peke yangu, na wewe utamkuta mjukuu wako keshafika. Ila njoo. Usije ukaona umechelewa ukageuka njiani."

"Nigeuke niende wapi?"

Nadine akampeleka kituoni, akamnunulia mkate wenye nyama ambao Twila aliusahau kwenye benchi. Basi lilipoondoka, abiria wote walikuwa wamekaa isipokuwa mmoja. Dereva akamtazama kwenye kioo.

"Mama, keti. Ukisimama basi halizidishi mwendo."

"Najua," Twila akasema, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akabaki amesimama mpaka nyumba za Joplin zilipokwisha.