Njia Isiyo na Watu

Nilipokuwa nikifundisha kule Kibugu, kijijini, darasa langu lilikuwa la watu wazima wenye ulemavu wa akili, na mimi ndiye niliyejitia kimbelembele kutangaza kwamba tutaanza kupanda vilima. Hakuna aliyenituma. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi kazi ya kutafuta njia ya kuanzia ikawa yangu.

Nilizijaribu njia mwenyewe, goti langu bovu likiwa mkaguzi mkuu. Ile ya msituni ilikuwa na kivuli kizuri, mpaka nilipokuta kinyesi cha ndovu kikitoa mvuke. Nilijua wazi kwamba mwanafunzi wangu mmoja, bwana mpenda wanyama, angeketi hapo amngoje ndovu mwenyewe. Ya mtoni ilikuwa na daraja la magogo mawili. Nililivuka kwa makalio, nikarudi vivyo hivyo, na siku hiyo sikutaka kuulizwa na mtu habari za sketi yangu.

Nilichotaka si kigumu: njia pana ya kutosha watu wawili walioshikana mikono, mahali pa kuketi kabla mtu hajanuna, na mwisho unaoonekana tangu mwanzo. Ukiwaambia wanafunzi wangu "tunakaribia kufika," watakuuliza karibu ni wapi, na wana haki, maana hata mimi huwa sijui. Barabara iliyokata mashamba ya chai ilikuwa na yote hayo. Juu kabisa lilionekana tangi la maji la kijani, ungeweza kulionyesha kwa kidole.

Lakini kulikuwa na mama mmoja. Binti yake alikuwa ameshapita miaka ishirini, na wageni walipobisha hodi alipelekwa chumba cha nyuma. Hata darasani aliletwa kwa kupitishwa mashambani, alfajiri, kwa hiyo majirani wengi hawakujua kama yupo.

"Mwalimu, atatembea," mama aliniambia. "Lakini unitafutie njia haina watu. Mtu akimcheka, hata mmoja tu, hiyo ndiyo mwisho. Na darasani pia hatarudi."

Nilikasirika, nusura nimwambie yaliyonijaa. Ila binti alikuwa ameanza kuja na raba zake mkononi kila siku, akiniuliza, "Ni leo?" Nikachagua Jumapili, saa za ibada, kwa kuwa kanisa lililo kando ya barabara ile, kanisa la mama huyo mwenyewe, halikuwahi kutoa watu kabla ya saa saba.

Tukaondoka na chai kwenye chupa na viazi vitamu. Mpenda wanyama alimsalimu kila ng'ombe aliyefungwa njiani. Binti alitangulia akionyesha tangi. "Pale!" akasema, na sisi sote tukaitikia, "Pale!" Mama, aliyekosa ibada makusudi, alifuata nyuma na leso mkononi, tayari kumfunika binti yake uso mtu akitokea.

Siku hiyo mhubiri alikuwa mgeni, na Mungu alikuwa amemjalia ufupi wa maneno. Tulipofika kwenye lango la kanisa, milango ikafunguka.

Kwetu watu wakitoka ibadani hawatawanyiki. Wa kwanza husimama nje, wa pili humpa mkono na kusimama kando yake, wa tatu huwasalimu hao wawili, mpaka mstari unauzunguka uwanja na kila mtu ameshikana mkono na kila mtu.

"Turudi," mama akaninong'oneza. "Mwalimu, turudi!"

Binti alikuwa ameshaingia langoni. Salamu tulikuwa tumezifundisha muhula mzima, na sasa alikuwa ameuona mtihani wenyewe. Alianza na mzee wa kanisa. "Bwana asifiwe!" "Amina," mzee akaitikia. Binti akahamia kwa anayefuata. Hakuruka mtu, hata mtoto aliyebebwa mgongoni alitafutiwa mkono ndani ya shuka. Alipofika mwisho akasimama kwenye nafasi yake, kama desturi inavyotaka, na waliochelewa kutoka wakaja kumsalimu yeye.

Hakuna aliyecheka. Ila shosho mmoja, bibi kizee, aliukamata mkono wake asiuachilie, akamkazia macho.

"Na huyu msichana ametoka wapi? Ni wa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu, kwa tabia yangu ya kuingilia. Mama akanipita. Leso ilikuwa imebaki barabarani. Akaenda akasimama kwenye mstari, kando ya binti yake.

"Ni wangu, shosho," akasema. "Ndiye wangu wa kwanza."

Binti akamgeukia, akamnyoshea mkono kama alivyowanyoshea wengine wote. "Bwana asifiwe, mama."

Mama akaushika mkono mbele ya kanisa zima, kwa mikono yake yote miwili.

"Sema amina," binti akamkumbusha.