Nilimlipa Fundi Rangi, Mama Mkwe Akakataa Kuingia Kwangu

Admin, pitisha hili bila jina langu, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasoma. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, nashona nguo, naishi Chanji hapa Sumbawanga. Ndoa yangu ni ya kanisani. Mume wangu yupo, ana afya yake, ila tangu mvua zianze halali kwangu, na sababu ni rangi ya nyumba. Chekeni tu, hata mimi ningesikia kwa mwingine ningecheka.

Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, ndani tulipiga lipu ya udongo kwa sababu saruji hatukuiweza. Kila mwaka watu wakimaliza kuvuna, mama mkwe alikuwa anakuja kutoka kijijini kwao, karibu na Mwimbi, na kiroba cha udongo mweupe anaouchimba mwenyewe bondeni. Anauloweka, anaukoroga, anapaka kuta zote kwa mkono wake, vyumba na sebule. Anakaa wiki nzima, tunapika, tunapiga soga. Baba mkwe alishafariki, na ile wiki ndiyo ilikuwa starehe yake. Nisiseme uongo, na mimi nilikuwa naipenda.

Sasa udongo una tabia yake, ukiuegemea unaondoka nao. Ilipofika zamu yetu ya kusalisha jumuiya ya kanisa hapa nyumbani, mama mmoja alikaa ameegemea ukuta, kusimama, kitenge chake cheusi mgongoni ni cheupe pee. Wenzake wakacheka. Akajipangusa, akasema nyumba hii mgeni anaondoka na ukuta wake. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Binti yangu mkubwa alikuwa apokee komunyo ya kwanza, na wale wale ndio wangekuja kula. Nikamwambia mume wangu safari hii tupake rangi ya dukani. Akasema fanya unavyoona. Naliandika hili kwa sababu leo kwa ndugu zake anaongea kama vile hakujua lolote.

Nikamwita fundi, wale wenye ngazi zao na vijana wao. Akapitisha kucha ukutani, akatikisa kichwa. Alisema juu ya udongo rangi haishiki, itabanduka kama ganda la kiazi. Lazima kukwangua udongo wote, kupiga lipu ya saruji, kulainisha kwa puti, kisha praima ya kushikisha rangi, ndipo rangi yenyewe, tena mara mbili. Mimi nilidhani nanunua ndoo mbili za rangi, kumbe najenga nyumba upya. Ufundi peke yake alitaka laki saba, vifaa juu yangu. Nikauza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo, na mahindi yote ya stoo, bei ikiwa chini kabisa kwa sababu ndiyo kwanza watu wanavuna. Nikasema liwalo na liwe.

Kitu nilichokosea ni kutomwambia mama mkwe asije. Nilijua atakuja, ila kila nikishika simu naona aibu, nasema kesho. Akaja. Alishuka kwenye bodaboda na kiroba chake, akakuta mafundi wanakwangua sebule, udongo wake wa miaka yote umelala chini, wanaukanyaga. Nikatoka mbio, shikamoo mama, nikampokea. Akauliza kiroba akiweke wapi. Fundi, hamjui wala nini, akamwambia bibi usiingize humu, utatuchafulia. Nilipaswa kumkaripia yule fundi pale pale. Badala yake nikajichekesha, nikasema:

"Mama, mwaka huu pumzika. Tumepata mafundi kabisa."

Akanitazama. Akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nachafua, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alikunywa maji, akalala, asubuhi akaondoka, na kiroba akaondoka nacho. Kwenye komunyo hakuja. Nilimpigia simu kuomba radhi, akawa anasema hamna shida mwanangu, hamna shida, halafu anaulizia watoto.

Mvua zilipoanza akaanguka shambani, upande mmoja ukapooza. Hospitali walipomruhusu walisema akae hapa mjini ili awe anahudhuria mazoezi. Nyumba ya mjini ni yetu tu. Nikamwandalia chumba, nikatandika shuka mpya. Gari lilipofika mlangoni, akakamata kiti kwa ule mkono mzima, akakataa kushuka. Ulimi ulikuwa mzito, lakini wote tulimwelewa: "Nitawachafulia." Mume wangu alilia mbele ya watoto. Akamrudisha kijijini, akabaki huko kumuuguza, na mazoezi ndiyo basi tena. Ada ya shule anatuma. Akipiga simu anaongea na watoto, mimi ananisalimia tu.

Mwezi uliopita nilienda kijijini. Nikapiga magoti, nikalia, nikasema yote. Mama alinisikia mpaka mwisho, kisha akageuza uso. Nikatoka nje, nikamwambia mume wangu nawarudisha mafundi, wakwangue kila kitu, nyumba irudi ya udongo, nitauza hata cherehani iliyobaki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema, "Halafu apake nani? Ule mkono haunyanyuki tena."

Ndugu zangu, rangi imekaa vizuri, haijabanduka popote, wageni wanaisifia, na mimi siwezi kuitazama. Niwaache watoto nikamuuguze mtu asiyetaka kuniona, au nikae hapa nimsubiri mume ambaye moyoni najua harudi? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mliowahi kumuumiza mzazi wa mwenzenu mkasamehewa, niambieni mlianzia wapi. Mimi sioni pa kuanzia.