Mgonjwa wa Kwanza

Tarehe 14 Mei 2002, siku ya Jumanne, nilifiwa na mdogo wangu wa kike katika hospitali ndogo nje kidogo ya Tukuyu. Alikuwa mchuma chai kama mimi.

Fangasi walikuwa wameingia kwenye ubongo. Kichwa kilimuuma hata mvua ikipiga mabati alilia. Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalishajaa Mbeya, na dawa yake ilikuwepo, ila haikuwa na bei ya mchuma chai. Ndipo kampuni moja ya dawa kutoka ng'ambo ikasema itatoa bure. Makasha yalifika hospitalini yakafungiwa stoo, ng'ambo ya korido, yakisubiri mgeni rasmi aje kuyakabidhi.

Mganga mfawidhi alituambia kwa furaha kwamba mdogo wangu amechaguliwa kuwa mgonjwa wa kwanza. Angepokea dawa mkononi mwa mgeni huku wakipiga picha. Kampuni ilileta shuka jipya jeupe, wakatandika kitanda chake tu. Mama akatafuta jogoo wa kumshukuru mgeni, akamfunga miguu chini ya kitanda.

Mwanamke wa kitanda cha pili, naye anaumwa kichwa hichohicho, alimtania.

"Bi harusi umeshapambwa. Bwana yuko wapi?"

"Yuko angani," mdogo wangu akasema. "Anaogopa matope yetu."

Ilikuwa kweli. Ndege ya mgeni ilishindwa kutua Mbeya kwa sababu ya mawingu, ikarudi Dar es Salaam. Wakasema kesho. Kesho yake mawingu yaleyale. Mdogo wangu akaanza kuniita baba. Nikaenda na mama ofisini kwa mganga mfawidhi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

"Tunaomba aanze dawa. Mgeni akifika atampa tena."

"Ndugu yangu, sasa mgeni atakabidhi nini kama tumeshafungua?"

"Atakabidhi zitakazobaki."

Alimgeukia mama. "Mama, mtu akikuletea mkungu wa ndizi, unaukata kabla hajakukabidhi?"

Mama alitazama chini. Kwetu zawadi hupokelewa kwa mikono miwili kutoka kwa aliyeileta, na anayeigusa kabla huitwa mlafi mpaka anazeeka.

"Hapana," mama akasema. "Ni aibu."

"Basi," akasema, akatufungulia mlango.

Jumanne asubuhi akakata roho. Muuguzi alituomba tumsaidie kumwinua, kwa sababu shuka lilitakiwa kubaki.

"Mnisamehe, kaka. Wageni wamepiga simu. Kesho wanakuja kwa gari."

Tulimfunga kwenye khanga za mama. Tulipokuwa tunatoka, yule mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa anahamishiwa kwenye shuka jeupe. Safari hii hakutania. Alimwambia mama, "Ndaga," ambayo kwetu ni pole na ni asante, akageukia ukutani.

Mdogo wangu tulimzika Jumatano, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mama. Mchana majirani waliokwenda hospitalini kwenye sherehe ya kukabidhi dawa walikuja moja kwa moja msibani. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa amevaa fulana nyeupe ya kampuni, mgongoni imeandikwa Tunajali Afya Yako. Shangazi yangu alimzuia njiani.

"Baba, hiyo ivue. Huku kuna msiba."

"Shangazi, ndani sina kitu. Shati limelowa, nimeliacha kule."

Shangazi alimtazama, kisha akamwonyesha mkeka. Akakaa na wanaume wenzake. Alisema wali ulikuwa mwingi, na mgeni ni mtu mpole, anacheka na kila mtu.

Mama alikuwa amekaa na wanawake. Akamwita.

"Yule mama wa kitanda cha pili, dawa amekunywa?"

"Amekunywa, mama. Tena mara mbili. Mara ya kwanza picha haikutoka."

Mama akasema, "Afadhali."