Haloo na Diski ya Shemeji

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupokea simu. Alikaa chumba cha chini cha kampuni moja ya bima, mbele ya ubao wa vitufe, na kila aliyepiga alipokewa kwa "Haloo" moja nzito, tulivu, iliyomfanya hata mteja aliyekuja juu ateremshe sauti. Neno hilo likamganda likawa jina. Mtaani, dukani na ukweni aliitwa Haloo, na wengi waliompigia hawakujua kwamba mwenye sauti ile hakuwa ameona mwanga tangu surua ilipomchukulia macho akiwa na miaka mitano.

Kisha kampuni ikaleta mtambo unaojipokelea simu wenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, na Haloo akapewa barua ya kwenda nyumbani. Miezi minane mkewe, mwalimu wa chekechea, akaibeba nyumba peke yake. Haloo hakulalamika. Alianza tu kunywa chai bila sukari, akidai inamuumiza meno.

Alhamisi moja ikaja kazi. Kampuni inayoandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa ilimtumia rekodi ya saa nne, watu kumi na mmoja wakibishana, wengine wakisema kwa pamoja. Aiandike yote, neno kwa neno, aitume kabla ya Jumatatu saa sita mchana. "Huu ni mtihani," aliambiwa. "Ukichelewa, kuna wengine kwenye foleni."

Masikio alikuwa nayo, na vidole alikuwa navyo. Kilichomwangusha ni kompyuta. Ilikuwa ya mezani, ya siku nyingi, na ndani yake mlikuwa na sauti ya kike iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mkewe aliiita mke mwenza, kwa kuwa ilishinda ikiongea na mumewe. Sasa mke mwenza alikuwa amenuna. Haloo akibonyeza herufi, angeweza kumeza mate mara tatu kabla hajajibiwa. Akiandika sentensi, hakujua imeingia au imepotea. Saa nzima ikampa nusu ukurasa. Na ndani ya boksi kulikuwa na mlio mpya, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Tik, tik, kisha kimya.

Ijumaa asubuhi akaja fundi, mwanamke mwenye kibanda cha kompyuta karibu na duka la dawa. Alisikiliza kidogo tu.

"Hii diski ni ya sahani inayozunguka, kaka," alisema. "Imechoka. Na huo mlio ni wa kuaga."

"Inaaga lini?"

"Hilo siwezi kukudanganya. Leo, au mwezi ujao. Izime kabisa mpaka upate diski mpya, aina ya SSD. Ile haina kinachozunguka, utaona mashine imezaliwa upya."

"Ninunue ipi? Wauzaji wananijua, wakiona fimbo nyeupe wanacheka na mifuko yangu."

Fundi akacheka naye, kisha akamwambia polepole kama anayempa dawa. Asinunue ile ya kasi sana, nyembamba kama kipande cha chingamu, kwa sababu mashine yake haina pa kuichomeka. Achukue ya kawaida, bapa, ya waya wa SATA. Giga mia tano zingemtosha na kubaki. Aulize dhamana ni ya miaka mingapi na mtengenezaji amekubali iandikwe data kiasi gani kabla haijachakaa. "Na ukiona ujazo mkubwa kwa bei ya karanga, kimbia," alimaliza. "Zipo zinazojitangaza tera moja, yaani giga elfu moja, na ndani hamna hata giga sabini. Zinapokea kila unachoweka, halafu zinakitupa."

Jioni ile ile shemeji yake, aliyekwisha kusikia shida hiyo, akagonga mlango. Alikuwa mpiga picha za harusi, kaka mkubwa wa mkewe, mkarimu wa moyo na mkali wa ulimi. Akamwekea Haloo kiganjani kitu chepesi.

"SSD ya tera moja, shemeji! Nimepata mbili kwa jamaa, bei ya bure. Hii yako. Usinilipe."

Mkewe akashangilia. Haloo akaigeuzageuza. Watu hudhani asiyeona husikia uongo kwenye sauti, lakini yeye alishatapeliwa na sauti tamu mara zisizohesabika. Na hapa hapakuwa na uongo wowote. Shemeji aliamini alichokisema, na hilo ndilo lililomweka Haloo pagumu. Akikataa, amemtusi shemeji. Akikubali, ameweka kazi yake mikononi mwa jamaa asiyemjua.

"Ahsante sana, shemeji," alisema mwishowe. "Ila naomba tuipime kwanza."

"Kuipima?" Kiti kikakwaruza sakafu. "Nimekuletea zawadi, unaipima kama nyama buchani? Na samahani kwa kusema, wewe hata boksi lake hulioni. Utapima nini?"

"Kaka!" mkewe alisema.

Haloo alihisi masikio yakimwaka. Maneno kadhaa yalimfika kooni, akayarudisha.

"Kesho asubuhi njoo na laptopu yako," alisema. "Mimi nitapima kwa masikio."

Shemeji alikuja kweli, salamu ikiwa nusu. Haloo akatoa diski yake ya nje iliyokuwa na hazina moja tu: mechi mia tisa za mpira alizorekodi redioni, zimepangwa kwa miaka. Zilijaza karibu giga tisini. Shemeji akaichomeka SSD kwenye laptopu kwa kikasha chake cha waya, wakaanza kunakili. Saa moja na zaidi walikaa wakisubiri, mkewe akiingia na kutoka na vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Imemaliza," shemeji alisema. "Zote mia tisa zimeingia. Hakuna kosa lolote. Umeridhika?"

"Ichomoe. Halafu ichomeke upya, ufungue ya kwanza."

Ikafunguka. Mtangazaji wa zamani akaanza kupaza sauti, uwanja ukinguruma nyuma yake. Ya mia mbili ikafunguka. Ya mia nne, vile vile. Shemeji akaguna, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatania: "Hii timu yenu ilikuwa inafungwa tangu enzi hizo?"

"Nenda ya mia saba."

Kimya. Shemeji akabonyeza tena, kimya. Ya mia nane ikatoa mkwaruzo mfupi, ikakata. Ya mia tisa, laptopu ikagoma kabisa kuifungua.

"Labda ni rekodi zako mbovu," shemeji alisema, lakini sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

"Fungua hiyo hiyo ya mia saba kwenye diski yangu."

Gooo! Mtangazaji alilipuka mpaka mkewe akaruka kule jikoni.

Haloo hakufurahi. Alisikia pumzi za shemeji, fupi fupi, kama za mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Shemeji?"

"Ile nyingine," shemeji alinong'ona. "Nimeiweka kwenye mashine ya studio. Nimehamishia harusi za miezi miwili. Na kadi za kamera nimeshazifuta."

"Zote?"

"Sijui. Sijui, shemeji." Alikuwa akikusanya nyaya ovyo ovyo, na kitu kikamdondoka. Mlangoni akasimama. "Yale maneno ya jana..."

"Kimbia kwanza. Usiandike kitu kingine humo!"

Haloo na mkewe walifika duka la kompyuta saa nane, saa moja kabla ya kufunga. Muuzaji akamwangalia mke.

"Mama, mwambie mzee hii ndiyo ya kisasa. Kasi mara kumi."

"Mzee anasikia," Haloo alisema. "Hiyo nyembamba haiingii kwenye mashine yangu. Nipe ya SATA, giga mia tano. Dhamana miaka mingapi?"

Muuzaji akababaika kidogo, kisha akaweka mbili mezani. Mkewe akasoma maboksi. Ya kwanza dhamana mwaka mmoja, na kiasi cha kuandika hakikutajwa popote. Ya pili miaka mitano, tera mia tatu za kuandikwa, bei imezidi kidogo. Haloo akapitisha ukucha kwenye kibandiko cha boksi kuhakikisha hakijawahi kubanduliwa, akaomba risiti yenye namba ya diski yenyewe, na mkewe akailinganisha tarakimu kwa tarakimu, huku muuzaji akizungusha funguo kidoleni.

"Tumechukua ya pili," Haloo alisema.

Saa kumi fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza yao, anahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Mke mwenza hakuweza kusema kazi hiyo ikiendelea, kwa hiyo fundi akawa anasoma asilimia. Ishirini. Arobaini. Sitini na tatu. Tik, tik.

"Imesimama," alisema.

"Tufanye nini?" mkewe aliuliza.

"Hakuna. Tukiizima sasa, huenda isiwake tena."

Haloo akashika ukingo wa meza. Tik. Alijikuta akihesabu, akafika mia tatu na kitu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Nje mtu alikuwa anapiga honi na alitamani kumnyonga.

"Sitini na nne," fundi alisema, na wote watatu wakapumua kwa pamoja.

Ilimalizika jioni ikiwa imepoteza picha chache na barua mbili za zamani. Haloo alipowasha mashine na kubonyeza herufi ya kwanza, jibu lilikuja kabla hajainua kidole.

"Hee!" mkewe alisema. "Mke mwenzangu kapata miguu."

Jumapili nzima Haloo aliandika. Aliwajua wale watu kumi na mmoja kwa pumzi zao, mwenye mafua, mwenye kupiga meza, yule mama aliyekatizwa kila mara. Shemeji akapiga simu mchana: harusi tatu zimepatikana, moja imepotea, na kesho anakwenda kwa maharusi kuomba radhi. "Na kwako nitakuja kwa miguu yangu," aliongeza. Haloo akamwambia aje na mkate.

Alituma kazi Jumatatu saa tano na dakika arobaini. Jumatano simu ikalia.

"Tumeisoma," mwanamke wa kampuni alisema. "Umeandika hata yale yaliyosemwa kwa kunong'ona."

"Yalisemwa," Haloo alijibu.

Mwanamke akacheka, akasema rekodi ya pili ipo njiani, ya saa sita, wasemaji kumi na tisa. Haloo akamwita mkewe amletee chai, na safari hii aitie sukari vijiko viwili.