Ng'ombe Kumi na Mmoja kwenye Daftari la Springi

Siku ya kwanza nilifika karakana ya barabara ya Garsen viatu vikiwa mkononi. Udongo ulikuwa umelowa, na viatu vyenyewe vilikuwa vya marehemu baba. Sikutaka viharibike kabla sijaajiriwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne baada ya wazazi wetu kufariki, nikabaki na dada yangu Hadija na wadogo zetu wawili wa kiume. Wajomba wa Kinakomba walikuwa wameshaamua: nisipopata kazi ya kudumu, watoto watagawanywa, kila mmoja nyumba yake. Karakana ilinipa miezi mitatu ya majaribio.

"Unajua inchi?" aliniuliza Fundi Mkuu, mzee wa Kipini aliyesema taratibu kama mtu anayehesabu.

"Naijua, Fundi."

"Basi leo hushiki spana. Leo utajifunza gari linavyokaa."

Tulikuwa na pikapu mbili, utepe mmoja wa kupimia na daftari. Kimo cha springi tulikipima kutoka kitovu cha gurudumu, katikati kabisa, hadi ukingo wa madigadi juu yake. Hatukuanzia ardhini, maana tairi huzama. Kwanza bodi iwe tupu, dereva ashuke, tairi zote ziwe na upepo sawa. Kisha unaibonyeza kila kona kwa uzito wako mara tatu na kuiachia, ili majani ya springi, yaani zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, yatulie. Ndipo unapima kushoto na kulia. Tofauti ikizidi nusu inchi, kuna jani limechoka au limevunjika.

Taabu ilikuwa mahali pa kulisimamisha gari. Uwanja wetu ulikuwa udongo mweusi wenye mabonde na nyufa. Kwa hiyo Fundi Mkuu alitumia feri ya mtoni, ile ya kuvutwa kwa kamba. Ikiwa tupu na imefungwa ukingoni, sakafu yake ililala sawa kuliko kitu chochote pale Garsen.

Mwezi wa tatu wa majaribio, asubuhi moja, nilivuka kutoka ng'ambo na Dereva wa mojawapo ya pikapu zetu. Alikuwa Mgiriama mwenye watoto sita na maneno mengi. Nikataka kumwonyesha Fundi Mkuu wepesi wangu, nikapima tukiwa katikati ya mto. Upande wa kushoto ulipungua inchi nzima. Nikaandika.

Fundi Mkuu alisoma, akamgeukia Dereva. "Umepakia magunia ya watu upande mmoja, ukavunja springi."

"Magunia gani, Fundi? Mimi hata mke wangu simbebi!"

"Utamwambia Bwana Mkaguzi kesho."

Bwana Mkaguzi, mkubwa wetu kutoka Mombasa, alikuwa amekwisha kufukuza madereva wawili kwa kosa hilo.

Nikaamriwa kufungua springi ya kushoto na kufunga mpya, naye Fundi Mkuu akaenda kuswali adhuhuri. Nilipoilaza ya zamani kando ya mpya, upinde wa zote mbili ulikuwa karibu sawa. Hakuna jani lililovunjika, wala ufa. Ndipo nikawakumbuka ng'ombe. Wafugaji wa Kiorma walikuwa wamevusha kumi na mmoja pamoja nasi, wote wamesimama upande wa kushoto. Feri iliinama, pikapu ikainama nayo, uzito wake ukalalia springi ya kushoto.

Ningefunga ile mpya, hakuna ambaye angejua. Kazi ingebaki yangu, na Dereva angerudi kwao bila kazi. Nilikaa na spana mkononi nikimwona Hadija akifunga nguo zake kwenda kwa mjomba. Kisha nikawaona wale watoto sita. Nikaenda kumngoja Fundi Mkuu mlangoni mwa msikiti.

"Fundi, kosa ni langu. Nilipima feri ikiwa na ng'ombe."

Alivaa viatu polepole. "Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi hukupima gari, bwana. Umepima ng'ombe."

Dereva aliposikia aliangua kicheko. "Siku nyingine chukua ndoo, ukamue kabisa!"

Fundi Mkuu hakucheka. Alinipa daftari. "Andika kando ya namba zako: ng'ombe kumi na mmoja. Rudisha springi ya zamani. Kesho utamsomea Bwana Mkaguzi mwenyewe."

Nikamsomea. Alinitazama, akalitazama daftari. "Tangu leo," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "kila namba andika na mahali gari simama. Huyu baki kazini."

Nilibaki, na Dereva pia. Nilihamishiwa Galole, kisha barabara ya Lamu, nikarudi Garsen nikiwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Hadi leo viganja vyangu vinakumbuka bodi ikishuka na kupanda, na kile kimya kabla ya kuunyoosha utepe.

Siku niliyostaafu, Hadija alikuja kunichukua. Alikuwa mwalimu kwa miaka mingi. Alilikuta daftari lile kuukuu mezani, akafungua, akasoma ukurasa kwa sauti bila kukwama.

"Kaka, hawa ng'ombe ni wa nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya wajomba. Aliweka kidole juu ya mwandiko wangu.

"Kwa hiyo jioni ile, kabla ya kumsomea Bwana Mkaguzi, ulikuwa hujui kama tutalala pamoja tena," akasema. "Na ulipoingia ndani ulituuliza tu kama tumemaliza hesabu za shule."